‘Imekufa hii, nunueni mpya’: Tulivyoifufua mashine kuukuu ya boti uani kwetu Lamu

Gari likikuzimia Thika Road, unalisukuma pembeni, unampigia fundi simu, unanunua njugu huku unamngoja. Boti ikikuzimia katikati ya mkondo wa Mkanda, hakuna pembeni.

Ndivyo ilivyotukuta Desemba iliyopita. Tulikuwa watu wanane kwenye mashua ya ami yangu, tumetoka Mtangawanda, kisiwani Pate, tunarudi Amu. Dada yangu alikuwa amempakata mwanawe wa miaka mitatu. Mtoto alikuwa na homa ya siku mbili, haimtoki, na tulikuwa tunampeleka hospitali. Maji yalikuwa yamepwa nusu. Anayeijua Mkanda anajua maana yake: mkondo ule unaopita kati ya kisiwa cha Manda na bara ni mwembamba na hauna kina. Ukichelewa maji, unakaa mchangani huku mikoko inakutazama pande zote mbili.

Mashine ilianza kwa kubadilisha sauti. Kisha ikaja harufu ya rangi inayoungua. Nguvu zikaisha, ikakata. Ami akashika kamba ya kuwashia, akavuta. Kamba haikutoka hata inchi moja.

Tulikwama pale kwa muda wa saa tano hivi. Hakuna aliyekuwa na spana, hakuna plagi ya akiba, na kasia lilikuwa moja. Dada alikuwa akimlowesha mtoto kichwa kwa leso na maji ya chupa, na kila chupa ilipopungua alinitazama mimi, kana kwamba mtu wa Mombasa lazima ana jibu. Maji yalipoanza kujaa, boti ya wavuvi ikatufunga kamba, ikatuvuta mpaka Amu. Mtoto alitibiwa, akapona, alhamdulillahi. Lakini safari ile haijanitoka kichwani.

Kesho yake tukamwita fundi. Akaitazama mashine, akajaribu kamba mara mbili, hakufungua hata skrubu moja. Akasema, “Imekufa hii. Nunueni mpya.”

Mashine mpya ya nguvu za farasi 40 ni mamia ya maelfu ya shilingi. Ami hana pesa hizo. Boti ile ndiyo inayobeba abiria, unga na saruji, na karo ya watoto wake inatoka mlemle. Akaanza kuulizia mtu wa kuinunua kwa ajili ya spea. Nikamwomba jambo moja: “Ami, kabla hujaiuza, tuifungue.”

Akacheka. Anajua kazi yangu ni kutengeneza simu. “Hii si simu, mwanangu,” akaniambia. Lakini alikubali, na nadhani ni kwa sababu hata yeye hakutaka kuiuza.

Tulikaa nayo uani siku kumi na mbili. Nilichojifunza ndicho ninachotaka kukuachia hapa, hasa wewe ambaye kwenu kuna boti, jenereta, au mashine yoyote ya zamani iliyotupwa kona ikisubiri kuuzwa kwa kilo. Mashine hizi haziuliwi na uzee. Huku kwetu zinauliwa na chumvi, na sisi wenyewe tukiisaidia chumvi.

Kwa nini bado tunazo

Lamu ni visiwa. Magari mjini Amu ni ya kuhesabu, mizigo inabebwa na punda na mikokoteni, na ukitaka kwenda uwanja wa ndege lazima uvuke maji kwenda Manda. Mwanafunzi, mgonjwa, bibi harusi, gunia la mchele: wote wanapita baharini. Kwa hiyo mashine ya boti kwetu si kitu cha starehe. Ndiyo matatu yetu.

Mashine ya kufungwa nyuma ya boti si ya jana. Ole Evinrude, mzaliwa wa Norway aliyehamia Marekani, alianza kuuza zake mwaka 1909. Yamaha wa Japani walitoa yao ya kwanza mwaka 1960. Nyingi za zile kuukuu unazoziona pwani yetu ni za mipigo miwili, yaani pistoni ikipanda na kushuka mara moja tu, kazi imekwisha: imevuta, imebana, imelipua, imetoa moshi. Hazina valvu nyingi wala kompyuta. Hazina hata sehemu ya kuwekea oili ya injini. Oili inachanganywa na petroli moja kwa moja.

Hapo ndipo penye uzuri wake na ubaya wake. Uzuri ni kwamba mtu mwenye spana, bisibisi na subira anaweza kuifungua nyumbani. Ubaya ni kwamba inakula mafuta, inatoa moshi, na sehemu ya petroli inatoka bila kuungua na kuingia majini. Ndiyo maana Ulaya na Marekani sheria za moshi zimeziondoa mashine mpya za aina hii madukani. Huku kwetu bado zinafanya kazi, kwa sababu mwenye nayo ndiyo aliyo nayo.

Na si sisi tu. Kanada na kaskazini mwa Marekani watu wana pikipiki za kuteleza juu ya theluji, na nyingi za zamani zina injini ya mipigo miwili kama hii yetu. Wao huziegesha bandani theluji ikiyeyuka. Huku mashua nyingi hupumzika kusi ikichacha. Ugonjwa wa kulala muda mrefu ni uleule: petroli iliyosahaulika ndani ya kabureta inageuka gundi.

Je, imekufa kweli?

Mashine ile ina zaidi ya kilo 70. Hamali wawili waliileta kwa mkokoteni kutoka gatini, vichochoro vingine wakaubeba mkokoteni wenyewe. Tukaifunga juu ya boriti mbili kuukuu zilizokuwa uani. Shangazi akatupa sharti moja: hakuna tone la oili litakaloanguka kwenye sakafu yake. Tukatandika magunia.

Kazi ya kwanza ilikuwa kutofanya kazi. Tulitoa plagi zote mbili, tukamimina oili kidogo ndani ya kila silinda kupitia tundu la plagi, tukaiacha ilale. Asubuhi, baada ya chai, ami akashika gurudumu la juu kwa mikono miwili akalizungusha taratibu.

“Yazunguka,” akasema, kwa sauti ndogo kama mtu anayeogopa kumwamsha mtoto.

Kumbe kilichotokea ni hiki. Injini ikipata joto kupita kiasi, pistoni inavimba na kuubana ukuta wa silinda mpaka inakwama. Ikipoa, pengine inaachia. Wakati mwingine pistoni inakuwa imeshakwaruzika vibaya, na hapo kweli ni msiba. Wakati mwingine ni alama ndogo tu. Huwezi kujua kwa kuitazama kwa nje.

Tukaazima geji ya kupima mgandamizo. Unaifunga kwenye tundu la plagi, unavuta kamba kwa nguvu mara kadhaa, unasoma. Nilijifunza kwamba namba yenyewe si muhimu kama tofauti ya silinda moja na nyingine. Zikikaribiana, zisipishane zaidi ya asilimia 10 hivi, una matumaini. Zetu zilikaribiana. Tukaelewa kwamba ile hukumu ya kifo ilitolewa bila mgonjwa kuvuliwa shati.

Kipande cha mpira

Kama pistoni nzima, joto lilitoka wapi?

Mashine ya boti haina rejeta. Inapozwa na maji ya bahari yenyewe. Kwenye mguu, ile sehemu ya chini inayokaa majini na kubeba propela, ambayo Kiswahili cha zamani kinaiita rafadha, kuna pampu ndogo. Ndani ya pampu mna gurudumu la mpira lenye mabawa, linaloenea kwenye kiganja. Mafundi wanaliita impela. Linazunguka, linavuta maji, linayapandisha mpaka kwenye silinda, na maji kidogo yanatoka nyuma kwa mchirizi mwembamba ili nahodha aone kwamba mambo ni sawa. Nyumbani tunasema mashine “inakojoa.”

Ili kuifikia pampu lazima ushushe mguu. Kwenye kitabu ni kazi ya bolti chache. Kwenye mashine iliyokaa baharini miaka na miaka ni kazi ya maombi. Bolti ni za chuma, mguu ni wa aluminiamu, na chumvi ikiingia katikati yao inavishikanisha kama saruji. Tulipulizia mafuta ya kulegeza kutu, tukangoja, tukagonga taratibu, tukapasha moto pale pasipo na petroli karibu. Bolti tatu zikatoka. Ya nne nikaivuta kwa hasira ya saa saba mchana, ikakatikia ndani.

Ami hakusema kitu. Alivua kofia yake, akaiweka, akaenda kuswali. Bolti ile ilitugharimu siku nne: kutafuta dereli, kutoboa katikati, kukata uzi upya. Kwa hiyo somo la kwanza ninakupa bure: bolti ya zamani haishindwi kwa nguvu. Ikikataa, iache ilale na mafuta usiku kucha. Unaporudisha, ipake grisi kwenye uzi ili atakayeifungua tena asikulaani.

Tulipoifikia pampu, jibu lilikuwa hapo. Impela ilitakiwa iwe na mabawa sita. Yalikuwa matatu, magumu kama ngozi ya kiatu cha zamani. Mengine yalikuwa yamekatika na kupandishwa na maji kwenye njia za kupozea. Hapa wengi hukosea: wanaweka impela mpya na kusahau vipande vya ile ya zamani. Vipande hivyo vinaziba njia, na mashine inachemka tena. Tulifungua kifuniko cha silinda, tukavitafuta mpaka tukavipata, tukakwangua chumvi iliyoganda na kusugua njia kwa siki, ileile ya kachumbari. Pistoni zilikuwa na mikwaruzo midogo tu. Tukaweka gasketi mpya na impela mpya.

Ukilinganisha bei ya impela na bei ya mashine mpya, ni kama kulinganisha kikombe cha kahawa na harusi. Kwa kipande hicho cha mpira tulikuwa karibu kupoteza mashine. Sitaki kuandika tulikuwa karibu kupoteza nini kingine.

Na lililoniuma zaidi ni hili. Mchirizi ule ulikuwa umepungua kwa wiki kadhaa. Mtoto wa ami, wa darasa la saba, alikuwa ameshasema, “Baba, mashine yakojoa kidogo kidogo.” Hakuna aliyemsikiliza. Mimi mwenyewe siku ile nilikuwa nimekaa nyuma kabisa, naipiga video bahari. Baadaye nikaitazama ile video. Unaona povu, unaona mikoko, unaona jua. Mchirizi huuoni.

Cheche, mafuta, pumzi

Mashine ikiwa mzima lakini haiwaki, usianze kufungua kila kitu. Ami ana msemo wake: mashine inataka vitu vitatu, cheche, mafuta na pumzi. Tafuta kilichokosekana.

Pumzi ni ule mgandamizo tuliopima. Cheche unaipima hivi: toa plagi, irudishe kwenye kofia yake ya waya, ishike kwa koleo lenye mpira, gusisha chuma chake kwenye mwili wa injini, mwenzako avute kamba. Ukiona cheche ya buluu yenye sauti, sawa. Hafifu ya njano au hakuna, badilisha plagi kwanza kabla hujalaumu koili. Fanya hivyo mbali na petroli iliyo wazi, tafadhali. Cheche haina adabu.

Plagi yenyewe inaongea. Ikiwa na rangi ya kahawia kama chai ya maziwa, injini inakula vizuri. Ikiwa nyeusi na imelowa oili, mchanganyiko umezidi mafuta au oili. Ikiwa nyeupe, injini inachemka au mafuta hayatoshi. Ikiwa kavu kabisa baada ya kuvuta kamba mara nyingi, mafuta hayafiki.

Mafuta yasipofika, fuata njia yake kutoka tangi: mpira wa kubonyeza, mabomba, chujio, pampu ya mafuta, halafu kabureta. Kabureta tuliifungua juu ya sinia la shangazi, bila ruhusa, na kila skrubu nikaipiga picha kwa simu kabla ya kuitoa. Hapo kazi yangu ya simu ilinisaidia kweli. Ndani kulikuwa na utandu wa njano, ile petroli iliyogeuka gundi. Unaosha kwa petroli safi au dawa ya kabureta, unapuliza matundu kwa upepo. Usiingize waya kwenye matundu yale madogo. Yamepimwa, ukiyapanua kidogo tu, mashine inakula mafuta kama mgeni wa siku ya kwanza.

Siku ya kumi tukaiteremsha kwenye pipa la maji. Mtaa mzima ukajaa mlangoni. Ami akavuta mara moja, mara mbili, mara ya tatu ikawaka. Watoto wakapiga kelele. Baada ya muda si mrefu, ikazima.

Tukapekua cheche tena, kabureta tena, mabomba tena. Saa nzima. Mwishowe binamu yangu wa darasa la saba akauliza kama kile kifuniko cha tangi kinatakiwa kifungwe vile. Kifuniko cha tangi kina skrubu ndogo ya kuingiza hewa. Ikifungwa, petroli ikitoka hewa haiingii, na mafuta yanagoma kuja. Tulikuwa tumeifunga wenyewe ili harufu isimsumbue shangazi. Tukailegeza. Ikawaka, haikuzima tena. Tangu siku hiyo yule kijana anaitwa injinia, na akisema kitu anasikilizwa.

Chumvi haina likizo

Baada ya hapo ami alitupa sheria, na kaziandika kwa chaki kwenye mlango wa ghala. Zinafaa kwa mtu yeyote mwenye mashine ya mipigo miwili baharini.

Maji matamu kila jioni. Mashine iwashwe ndani ya pipa kwa dakika 5 hadi 10, maji yapande na kuosha chumvi ndani. Maji lazima yafunike tundu la kuvutia; ukiwasha kavu, hata kwa sekunde chache, impela inaungua. Ni salama zaidi ukitoa propela kwanza, na usiwashe mahali palipofungwa, kwa sababu moshi wake unaua. Najua utaniuliza maji matamu ya kuchezea yako wapi. Lamu maji ni mali. Yanayotunywesha yanatokana na mvua inayohifadhiwa chini ya machuguu ya mchanga ya Shela. Sisi tunatumia ya mvua tuliyoyakinga kwenye pipa, na tunayabadilisha yakianza kuwa na chumvi. Pipa moja linaosha mashine mara kadhaa.

Oili kwa kipimo. Mashine nyingi za aina hii zinataka uwiano wa 50 kwa 1. Yaani petroli lita 5, oili mililita 100. Petroli lita 20, oili mililita 400. Kitabu cha mashine yako ndicho hakimu. Tumia oili ya mashine za boti za mipigo miwili, yenye alama ya TC-W3, si ile ya injini ya gari. Ukipunguza oili ili kuokoa pesa, pistoni inakwama. Ukizidisha, unapata moshi na plagi zilizolowa. Kupima kwa jicho kumeua mashine nyingi kuliko mawimbi.

Tazama oili ya giya. Kwenye mguu kuna skrubu mbili. Fungua ya chini kisha ya juu, oili itoke. Ikiwa nyeupe kama maziwa, maji yameingia. Mara nyingi ni mshipi wa kuvulia uliojizungusha nyuma ya propela ukakata sili. Toa propela mara kwa mara uangalie. Unapojaza, jaza kutoka chini mpaka oili itokee juu, funga ya juu kwanza, halafu ya chini.

Usipake rangi zinki. Kile kipande cha chuma cha kijivu kilichofungwa kwenye mguu kiko pale ili kiliwe na chumvi badala ya mashine. Kikiisha nusu, badilisha. Ukikipaka rangi kipendeze, umekifunga mdomo, na chumvi itakula kingine.

Ikilala, ilale tupu. Kabla ya kuihifadhi, chomoa bomba la mafuta, iache ikiwa inanguruma kwenye pipa mpaka imalize petroli iliyo ndani ya kabureta.

Ikizama, usiiache ikauke. Ioshe kwa maji matamu papo hapo, toa plagi, zungusha maji yatoke, mimina oili, na uiwashe haraka iwezekanavyo. Kutu haianzi ndani ya maji tu; inakimbia zaidi hewa ikishaingia.

Na kwenye boti kila siku: plagi mbili za akiba na kifaa chake, koleo, bisibisi, spana, kipande cha waya, kamba ya ziada ya kuwashia, makasia mawili, maji ya kunywa, na jaketi la kuokolea maisha kwa kila abiria. Vyote hivi vinaenea kwenye ndoo moja, isipokuwa jaketi na makasia.

Fundi bado ni fundi

Sitaki mtu asome hapa aende kumtukana fundi wake. Kuna kazi ambazo hatukuzigusa: beringi za ndani, kuchonga silinda, umeme ulio chini ya gurudumu la juu. Hizo zinataka vifaa na mkono uliozoea. Ile bolti iliyokatika, aliyetuokoa ni fundi mwingine, mzee aliyestaafu, aliyekataa malipo na kutaka chai tu.

Tofauti ni kwamba ukiijua mashine yako, unazungumza na fundi kama mtu, si kama mteja aliyefungwa macho. Unauliza, “Umepima mgandamizo? Impela umeiona?” Fundi mzuri hukasiriki nawe kwa swali hilo. Anakuvutia kigoda ukae uone.

Jambo la mwisho ni oili chafu. Tuliikusanya kwenye galoni tukaipeleka kwa mwenye gereji bara. Ilikuwa rahisi zaidi kuimwaga usiku ukingoni, kama wengi wanavyofanya. Lakini zaidi ya nusu ya mikoko yote ya Kenya iko Lamu, na samaki na kaa tunaowauza wanakulia kwenye mizizi yake. Ukimwaga oili pale, unajimwagia kwenye sahani.

Kurudi Mkanda

Siku ya kumi na mbili tuliirudisha mashine kwenye boti. Hatukubeba abiria. Tulikuwa ami, mimi, injinia wa darasa la saba, na dada yangu, ambaye alisisitiza kuja. Mwanawe alimwacha kwa shangazi.

Maji yalikuwa yamejaa. Tulipita Mkanda bila mtu kuzungumza. Pale tulipokwama Desemba ami alipunguza kasi, sijui kwa kukumbuka au kwa kupima. Mimi sikutoa simu. Nilikuwa nimegeuka nyuma, natazama mchirizi: mwembamba, mnyoofu, haukatiki.

“Yakojoa?” ami akauliza bila kugeuka.

“Yakojoa, ami.”

Akaongeza kasi. Dada akafungua chupa ya maji, akanywa, akampa injinia.